Kopo Lililoandikwa Dawa

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, Anaïs aliamshwa na mlio wa mlango wa bati. Mama yake, Goreth, alikuwa akitoka kuwahi teksi, kwa kuwa kiwanda cha maboksi alichofanyia kazi kilikuwa mbali, huko Pinetown. Mama alijitahidi kuufunga mlango polepole, lakini bawaba zake zilikuwa na kutu, na kila alfajiri zililia vilevile.

Kuanzia hapo siku ilikuwa ya Anaïs. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alipika uji, akamwamsha mdogo wake Bonheur aliyekuwa na miaka sita, akamnawisha uso, akamtafutia soksi. Mchana aliporudi shuleni alichambua maharage, akafua, kisha akaosha vyombo kwenye sinki la saruji lililokuwa nje, katikati ya uwanja. Mama alirudi giza likiingia, miguu imevimba. Walikula bila maneno mengi. Ijumaa ilipofika, mama na binti walikuwa wamechoka kwa namna moja, kama nguo mbili zilizofuliwa kwenye beseni moja.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Pandu, katika mtaa wa Bayview, Chatsworth, jijini Durban. Wao walitoka Burundi. Mzee Pandu alizaliwa hapohapo Durban, sehemu ya Bluff iitwayo Kings Rest, kwa watu ambao mababu zao waliletwa kutoka Zanzibar zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alikuwa seremala, sasa amestaafu. Alizungumza Kiingereza na Kizulu kama maji, lakini Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa kile kidogo alichoachiwa na bibi yake, hivyo na Goreth na wanawe alizungumza zaidi Kiingereza. Alikitunza kama watu wanavyotunza vikombe vya wageni. Tangu familia ya Goreth ihamie kwake, alimwomba Anaïs ampe neno moja jipya kila siku, naye akaliandika kwenye daftari lake dogo la mfukoni.

Mzee Pandu alikuwa na njiwa kumi na mmoja. Aliwajengea banda la mbao chini ya mparachichi, lenye milango midogo na kihori cha kulia chakula. Njiwa aliyempenda kuliko wote alikuwa jike wa kijivu mwenye shingo inayong'aa. Alimwita Kingsrest. Mke wake alikuwa amefariki, na watoto wake waliishi mbali. Asubuhi na jioni alikaa kwenye kiti chake mbele ya banda akizungumza na ndege wale, na mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote ya siku.

Siku walipohamia, alimweleza Goreth masharti mawili tu. Lango lifungwe, na sumu ya panya isiingie katika uwanja ule. Alieleza sababu pia. Mwaka uliotangulia, jirani mmoja alitega sumu. Panya walioila hawakufa papo hapo. Walizubaa uwanjani kwa siku kadhaa, na bundi aliyeishi juu ya mparachichi akawala. Mzee Pandu alimkuta bundi huyo chini ya mti asubuhi, mbawa zimefunguka, damu imemtoka mdomoni. Mwenzake bado alikuwa juu ya mti. Goreth hakupenda kabisa kusikia habari za bundi, maana kwao ndege huyo alihesabiwa kuwa mkosi. Hata hivyo alikubali, kwa sababu chumba kilikuwa cha bei nafuu na mwenye nyumba alikuwa mtu wa heshima.

Mwezi wa nne wa mwaka 2012 joto la Durban lilianza kupungua. Katika nchi nyingine majira hayo huonekana kwa majani kuanguka. Kwa Mzee Pandu yalionekana kwa manyoya. Njiwa hubadilisha manyoya kila mwaka majira hayo, na kwa wiki kadhaa huwa wanyonge, hawaruki sana, wamejikunyata kama wagonjwa. Uwanja ulijaa manyoya ya kijivu. Anaïs aliyafagia jioni, na asubuhi yalikuwa yamejaa tena.

Siku moja aliwatazama akasema kwamba wanatia huruma, na kwamba babu yake kule Ngozi, kuku wakiwa wanyonge, huwapa dawa. Aliahidi kumuuliza mama yake ni dawa gani. Mzee Pandu alifurahi. Neno "dawa" alilijua. Bibi yake alilitumia kila alipomnywesha kitu kichungu na kumwambia kuwa kesho atapona. Anaïs, kwa kazi nyingi, alisahau kuuliza.

Baridi ile ndogo ilileta pia panya. Wakati wa joto waliishi kwenye mitaro na kula maparachichi yaliyoanguka. Usiku ulipoanza kuwa wa baridi walitafuta mahali pa joto, na chumba cha nyuma kilikuwa na matundu kwenye pembe za sakafu. Walitoboa mfuko wa unga. Wakatafuna kamba ya viatu vya shule. Goreth alimweleza Mzee Pandu, naye akaahidi kuziba matundu kwa wavu wa waya. Lakini goti lilikuwa linamsumbua. Juma la kwanza likapita, na la pili likapita.

Alhamisi alfajiri Bonheur aliamka akilia. Kidole chake cha mguu kilikuwa na alama mbili ndogo za meno na tone la damu. Goreth alimwosha kwa maji ya chumvi, akamwachia Anaïs maagizo ya kumpeleka kliniki ya mtaa, kisha akaenda kazini.

Ijumaa jioni, akibadilisha teksi pale Warwick, alisimama kwa muuzaji aliyetandaza vitu vyake ukingoni mwa barabara. Muuzaji alimwonyesha pakiti ya punje nyekundu akamwambia kwa Kizulu kuwa ni umuthi wa panya. Goreth alicheka kidogo kwa uchovu, kwa sababu Kirundi nacho kina neno hilohilo, umuti. Huku dawa, kule dawa. Lugha zote tatu alizozisikia kila siku ziliita kwa jina moja kitu kinachoponya na kitu kinachoua panya.

Alipofika nyumbani alimimina punje zile kwenye kopo tupu la kahawa, akalifunga, akaitupa pakiti kwenye pipa la taka.

"Anaïs, chukua kalamu," alisema, akiwa ameshaketi kitandani. "Andika kwenye kopo hili: dawa ya panya, ni sumu, usiguse. Herufi kubwa. Halafu ulipandishe juu ya kabati. Nitaitega mwenyewe keshokutwa, humu ndani tu, chini ya kitanda. Mzee asijue."

Anaïs alikuwa kwenye sinki la nje akiosha vyombo. Alifuta mikono kwenye gauni, akaja kulichukua kopo, akarudi nalo sinkini, akabandika kipande cha karatasi juu ya kopo, akaandika DAWA. Wino ulikuwa unakatika. Akaitikisa kalamu. Ndani, Bonheur alianza kulia akitaka maji. Anaïs aliliweka kopo ukingoni mwa sinki, akampelekea mdogo wake maji, akaketi pembeni yake kidogo ili anyamaze. Macho yalikuwa mazito kama yametiwa mchanga. Nitamalizia kesho, alijiambia. Kesho ni Jumamosi.

Jumamosi mama alikwenda kazini kama kawaida, kwa kuwa kiwanda kilifanya kazi mpaka saa saba mchana. Anaïs alilala hadi saa mbili. Alipotoka nje akipiga miayo, jua lilikuwa limeshapanda na Mzee Pandu alikuwa mbele ya banda la njiwa, kofia yake safi kichwani, amesimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Alimwambia asante. Alisema alikuwa ameamka mapema, akaliona kopo kwenye sinki, akavaa miwani akalisoma mwenyewe bila kuuliza mtu. Alikumbuka mara moja ahadi ya Anaïs kuhusu babu wa Ngozi. Kwa hiyo alichukua viganja viwili vya punje akachanganya na mahindi na mtama, na njiwa wamekula vizuri, kuliko siku zote za juma lile. Nyingine zilimwagika chini, lakini si neno, tetere wa porini nao wapate, maana hata wao wananyonyoka.

Anaïs alitazama kopo mkononi mwa mzee. Kisha akatazama kihori. Punje nyekundu zilikuwa zimebaki chache, katikati ya mahindi.

"D, A, W, A," Mzee Pandu alisoma, akifuata kila herufi kwa kidole. "Dawa. Nimesoma sawa?"

"Umesoma sawa, Babu," Anaïs alijibu.

Akageuka akarudi chumbani, akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

Alichojibu hakikuwa uongo, na alijua vizuri kuwa hakikuwa kweli. Mawazo yalimjia moja baada ya jingine, polepole, kama yanavyomjia mtu aliyechoka. Mama alisema panya akila punje hizi hafi siku ileile. Hufa baada ya siku tatu au nne. Njiwa tayari walikuwa wanyonge kwa ajili ya manyoya. Wakifa Jumanne au Jumatano, Mzee Pandu atasema ni majira. Hakuna atakayejua. Lakini akisema, mzee atajua kuwa mama alivunja sharti. Watafukuzwa. Watatafuta wapi chumba cha bei ile? Mama atapanda teksi ngapi zaidi, kwa miguu ile iliyovimba?

Bonheur alimuuliza mbona amekaa chini kama mgonjwa. Anaïs akamwambia anyamaze.

Nje, Mzee Pandu alikuwa akipiga mluzi. Kupitia dirishani Anaïs alimwona ameketi kwenye kiti chake, daftari juu ya goti, akiandika. Kingsrest alikuwa amemtulia begani. Mzee aliinua kichwa akauliza kwa sauti, kupitia dirisha lilelile, jinsi ya kuandika maneno "asante kwa dawa", kwani alitaka kumwandikia Mama Anaïs barua fupi, ya kwanza katika maisha yake kwa Kiswahili.

Hapo Anaïs alisimama. Baadaye hakukumbuka alivyovuka mlango. Alikumbuka tu kwamba saruji ya uwanja ilikuwa baridi chini ya nyayo zake.

"Babu, ile si dawa."

Mzee alitabasamu. "Imeandikwa dawa."

"Ni dawa ya panya. Ni sumu. Mama aliniambia niandike yote, mimi nikaandika neno moja nikaenda kulala. Na kopo nililiacha mimi pale."

Mluzi ulikuwa umekwisha. Mzee Pandu akafunga daftari akalirudisha mfukoni taratibu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alimshusha Kingsrest begani akamwingiza bandani, akamwaga chakula chote cha kihori ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga mara mbili.

"Wamekula saa ngapi zilizopita?" alijiuliza mwenyewe, akaangalia saa. "Hazijapita saa mbili tangu wale." Halafu akamuuliza Anaïs, "Pakiti yake iko wapi?"

Ilikuwa kwenye pipa la taka. Anaïs aliliinamisha pipa zima uwanjani, akapekua maganda, majivu na ukoko wa uji mpaka akaipata. Mzee Pandu alipiga simu kwenye kliniki ya wanyama, akamsomea daktari maandishi madogo yaliyokuwa chini ya pakiti, akisoma neno kwa neno mpaka la mwisho. Daktari alimweleza kuwa ni sumu inayozuia damu kuganda. Mnyama aliyeila huvuja damu ndani kwa ndani, lakini huchukua siku kadhaa, na akiletwa mapema kuna la kufanya. Alete ndege wote na pakiti ileile. Wangefika kesho, alisema, ingekuwa habari nyingine.

Mzee aliwakusanya njiwa mmoja mmoja kwenye kikapu chao cha safari, akakipakia kwenye bakki yake kuukuu, lile gari dogo la mizigo alilotumia zamani kwa kazi ya useremala. Kabla ya kuwasha gari aliita kupitia dirisha.

"Wale tumbili wa kila siku watapita saa tisa kuokota mabaki. Kila punje iliyoko chini, iokote. Mdogo wako akae ndani. Usishike kwa mikono mitupu."

Akaondoka. Hakusema lolote zaidi.

Anaïs alivaa mifuko ya plastiki mikononi. Alifagia kwanza, lakini punje zilijificha katika nyufa za saruji na chini ya manyoya, kwa hiyo alipiga magoti akaanza kuokota. Aliona kuwa uwanja ule, ambao siku zote aliuona mdogo, ulikuwa mkubwa sana. Tetere wawili walitua karibu na banda; akawafukuza kwa ufagio. Wakarudi. Akawafukuza tena. Bonheur alimpigia kelele kutoka dirishani kuwa ameruka punje moja kule, na nyingine kule, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Anaïs alimshukuru kwa kuwa na macho makali. Magoti yalichubuka. Alimwaga maji kwenye nyufa kidogokidogo ili punje zielee, akazichota kwa kijiko kibovu, na kijiko nacho akakitia kwenye mfuko wa sumu.

Goreth alirudi saa tisa kasorobo. Aliingia langoni, akamwona binti yake amepiga magoti katikati ya uwanja, banda liko wazi na tupu. Anaïs alimweleza yote bila kusimama. Alieleza hata ile "umesoma sawa", ambayo hakuna mtu angeijua.

Goreth aliketi kwenye kizingiti na viatu vyake vya kazi.

"Nilikuwa nimechoka, Mama," Anaïs alisema.

"Najua. Hata mimi nilikuwa nimechoka nilipoinunua." Alivuta pumzi. "Lakini uchovu hauna mkono, mwanangu. Kopo uliliandika wewe. Pakiti niliinunua mimi. Mzee akirudi, kila mtu aseme la kwake."

Alivua viatu, akachukua ufagio.

Tumbili walifika dakika chache baadaye, wakishuka juu ya ukuta kama kawaida yao, dume kubwa mbele, majike nyuma na watoto waliozaliwa mwishoni mwa mwaka uliopita wakijifunza kuruka wenyewe. Siku zote walipita chini ya banda kuokota mabaki ya mahindi. Goreth aliwaogopa tumbili tangu alipofika Durban. Siku hiyo alisimama mbele yao, ufagio mkononi, miguu imevimba, akawazuia wasishuke, huku Anaïs akimaliza kona ya mwisho. Dume alimwonyesha meno. Goreth naye akamwonyesha yake. Bonheur alicheka dirishani mpaka akakohoa. Hatimaye kundi zima lilipanda mparachichi likaenda kwa jirani. Mtoto mmoja wa tumbili alibaki nyuma kidogo ukutani, akaitazama sakafu iliyosafishwa kama anayeshangaa, kisha akamfuata mama yake.

Bakki ilirudi jua linazama. Mzee Pandu alishuka akiburuta goti. Daktari alikuwa amewasafisha njiwa kile kifuko cha shingoni wanamoweka chakula kabla hakijashuka tumboni, akawachoma sindano ya vitamini K. Watahitaji matone ya vitamini hiyo kila siku kwa wiki tatu. Wawili walikuwa wamekula sana na hali yao haikuwa nzuri. Wengine, alisema daktari, wana matumaini.

Goreth alisimama mbele yake, mikono ameikunja mbele kwa heshima. Alimwambia Mzee kuwa sumu ni yake, na sharti alilijua. Hakutaja jino la panya wala kidole cha mtoto. Alisema wangetafuta chumba kingine mwisho wa mwezi.

Mzee Pandu alikaa kwenye kiti chake mbele ya banda lililokuwa bado tupu.

"Mama Anaïs, Alhamisi binti yako aliniambia anampeleka mdogo wake kliniki; kidole cha huyu mtoto kimepona?"

"Kinapona, Mzee."

"Waya wa wavu uko gereji. Umekaa kule tangu juma la kwanza nilipokuahidi." Alitikisa kichwa. "Eish. Kila siku nilisema kesho. Kesho Jumapili tutaziba matundu. Mambo ya chumba tuyaache."

Jumapili waliziba. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akielekeza, Goreth alikata waya, Anaïs aliusukuma ndani ya matundu, wakamalizia kwa saruji. Mahindi ya njiwa yalihamishiwa kwenye debe lenye mfuniko mzito. Waliamua kuwa maparachichi yaliyoanguka yataokotwa kila jioni, na chakula cha ndege hakitalala nje. Mzee alitengeneza mitego miwili ya sanduku, aina inayomfungia panya bila kumpa kitu cha kula kitakachomdhuru atakayemla. Mfuko wa sumu, pamoja na kopo, waliurudisha kliniki ya wanyama, ambako waliwaambia wangeuharibu kwa njia salama.

Njiwa mmoja alikufa Jumanne, wa pili Jumatano. Mzee Pandu aliwazika kwa kina kirefu, ili paka wala mbwa asiwafukue. Anaïs alishika koleo. Hakuambiwa kulia wala kutolia.

Kwa wiki tatu, akitoka shule, kabla ya maharage na kabla ya vyombo, alimshika kila njiwa aliyebaki huku Mzee akidondosha matone mdomoni. Ndege tisa, kila siku. Mikono ilijifunza kushika bila kubana. Siku nyingine alichoka kiasi kwamba alihesabu njiwa wanane na kusema wamekwisha, na Mzee alimtazama tu, mpaka Anaïs akarudi bandani kumtafuta wa tisa. Huyo wa tisa kwa kawaida alikuwa Kingsrest, aliyependa kujificha nyuma ya tundu la juu.

Mwishoni mwa mwezi wa tano manyoya mapya yalikuwa yameota, laini na yenye kung'aa. Asubuhi moja Kingsrest alizunguka juu ya mtaa mara mbili na kurudi kutua begani kwa mzee. Jioni ileile bundi alisikika juu ya mparachichi. Goreth, aliyekuwa akianua nguo, alisimama akasikiliza. Akasema kwamba kama huyo ndiye anayewala panya waliobaki, basi na aendelee na kazi yake, yeye hatamsumbua.

Mzee Pandu alimwita Anaïs. Alikuwa amelainisha ubao kwa randa na kuupaka rangi nyeupe. Alitaka autundike kwenye ukuta unaotazamana na sinki, na alitaka maandishi yawe ya Kiswahili, kwa kuwa majirani wanaozungumza Kiingereza alishawaambia kwa mdomo. Alitoa pia daftari lake akamwonyesha ukurasa wa siku ile. Mbele ya neno "dawa" alikuwa ameongeza mistari mitatu kwa mwandiko mdogo.

"Bibi yangu alinipa nusu ya neno hili," alisema. "Nusu nyingine nimeipata kwako, na imenigharimu njiwa wawili. Sikukasirikia neno, mjukuu wangu. Na kuchoka si kosa; katika uwanja huu hakuna asiyechoka. Kosa letu sote watatu lilikuwa moja. Mimi niliacha waya gereji, mama yako alinyamaza, wewe uliacha maneno njiani. Kazi inayolinda uhai wa mwingine, awe mtu, ndege au tumbili, haiachwi katikati. Na ikiachwa, mtu aseme mapema. Wewe ulisema kabla saa mbili hazijapita tangu wale. Ndiyo maana hawa tisa wapo."

Anaïs alichukua brashi. Ilikuwa Ijumaa, na mgongo ulimuuma. Aliandika polepole, herufi kubwa, mpaka mwisho wa ubao. Rangi ilipokauka, Mzee Pandu alivaa miwani akasimama wima, kidole kikifuata kila neno.

"Hapa haitumiki sumu ya panya. Wanaishi hapa njiwa, bundi, tumbili na watoto." Akageuka. "Nimesoma sawa?"

"Umesoma sawa, Babu," Anaïs alisema. "Nimeandika yote."